Gharama ya Nyongeza

Mkolani, ukumbi wa pili, saa mbili asubuhi.
Tuko mia tatu na kumi, viti mia mbili.
Chuo ni cha umma, na umma umekuja.
Mimi nimekalia dirisha, daftari juu ya paja,
nje mawe yamepandana
kama watu wanaogombea kuona ajali.

Dakta Rwegoshora anachora. Chaki inalia.
Mstari unashuka: mahitaji.
Mstari unapanda: ugavi.
Pale wanapokutana anatia nukta,
anaigonga kwa kidole:
"Hapa soko limetulia."

Mimi nimetoka Mwaloni alfajiri hii hii.
Sijaona palipotulia.

Leo ni gharama ya nyongeza:
kitu kimoja zaidi, ukikizalisha, kitakugharimu nini?
Nikacheka peke yangu. Bugumba akageuka.
Nyongeza naijua. Ni ile konzi ya dagaa
mama anayoirusha juu ya sado iliyokwisha kujaa,
mteja bado kafumbata pesa yake, anasema,
"Mama Nyanzobe, hujaniongeza."
Konzi moja. Mbili kwa mjamzito.
Kwa yule mzee wa Buswelu mwenye maneno, hata tatu.
Hiyo haina safu kwenye jedwali.

Wala mwezi hauna.
Ukipevuka, taa za ziwani hazimdanganyi dagaa,
mitumbwi inalala, bei inaruka,
nami natafuta herufi ya kuuita mwezi
na herufi zote tayari zina kazi.

Bodi ya mikopo ilinipa asilimia arobaini.
Sitini iliyobaki inanuka samaki.

Jumapili nikazichukua hesabu za mama,
zile za mkaa nyuma ya mlango wa bati,
nikazihamishia kwenye daftari:
kodi ya meza, ushuru, mbebaji, turubai.
Jua, bure.
"Na mikono yangu?" akauliza, akipepeta mchanga.
"Umeiandika bei gani?"

Nilikuwa nimeiacha wazi.

Kitabu kinasema iandike, ni gharama hata isipoonekana,
uliza ingelipwa ngapi mahali pengine.
Nikaandika elfu saba kwa siku,
kibarua cha kiwanda cha minofu.
Nikajumlisha. Nikajumlisha tena kwa simu.
Kila sado anayouza inamla.

"Tunapata?"
"Tunapata."
"Ndiyo maana ada inalipika," akasema,
akaondoka mbio kufunika chanja,
wingu lilikuwa linatokea Ukerewe.

Februari, mtihani. Swali la nne, alama kumi:
bei ikishindwa kufidia gharama zinazobadilika,
meneja afanye nini? Toa sababu.
Sikusita. Niliandika: afunge.
Nikatoa sababu tatu, na mchoro, na nukta yake.

Kumi kwa kumi. Pembeni, kwa wino mwekundu: safi sana.

Karatasi nimeikunja mara nne, iko chini ya godoro
upande wangu.

Alfajiri meza imeshapangwa, mteja wa kwanza kasimama,
sado imejaa mpaka shingoni na hajaridhika.
"Mwongeze," mama akanisogezea ndoo.
Nikatia mkono.
Konzi yangu ni kubwa kuliko yake.
Aliiona. Hakunikataza.