Upande wa Jua

Tiketi elfu moja, karatasi ya waridi
iliyokatwa kwa mkasi,
na Bi Mwanjaa dirishani ananiuliza kama kila mara:
"Leo atacheza?"
"Leo labda."
Ananirudishia chenji huku anacheka.

Mkwakwani, Jumatano, daraja la pili.
Tumehesabika jukwaani: watu sitini na mmoja,
ukimtoa mbuzi wa mlinzi.
Wenye nazo wamejibanza kivulini.
Sisi wa Barabara ya Kumi na Nne
tuko upande wa jua, gazeti kichwani,
machungwa ya Muheza mapajani.

Saa kumi imepita, mpira haujaanza.
Gari la wagonjwa halijaja,
na kanuni inasema: bila gari hakuna mechi.
Basi wanaume ishirini na wawili, wazima wa afya,
wamesimama kwenye nyasi
wakimsubiri mgonjwa ambaye bado hajaumia.
Shekue, fundi baiskeli, anapaza sauti:
"Mvunjeni mmoja, litakuja mbio!"
Mwamuzi anatazama saa. Anatazama geti. Anatazama saa.

Likaja saa kumi na nusu, king'ora kimezimwa kwa aibu,
na ndani yake muuguzi wa Bombo,
viatu vyeupe, mwavuli wa maua.

Mimi sikuja kutazama mpira.
Nimekuja kumtazama Mhina, mtoto wa dada yangu,
kipa wa akiba, jezi namba thelathini,
ambaye msimu mzima hajadaka mpira wenye hesabu.
Yuko nyuma ya goli, anapasha misuli.
Anaruka, anajinyoosha, anadaka hewa.
Dakika ya kumi anapasha. Dakika ya arobaini anapasha.
Nimeanza kuamini pale pana mechi ya pili,
yake peke yake,
na hajafungwa hata goli moja.

Mipira ni miwili tu.
Mmoja ukapaa juu ya ukuta, ukaangukia barabarani.
Mtoto akaufukuza kwa baiskeli,
akarudi nao kwapani,
akapigiwa makofi kuliko mshambuliaji yeyote.

Kisha wageni wakafunga. Watu wa Babati,
waliolala kwenye basi, wakanywa chai kavu.
Kona, kichwa, wavuni,
na wavu wenyewe una tundu, mpira ukatokea nyuma;
Shekue akaapa haukuingia.
Kimya.
Ndani ya kimya, makofi ya mikono miwili.
Tukageuka. Muuguzi kasimama mlangoni mwa gari.
"Ni kwetu," akasema, kama anayeomba radhi.
"Mwaka wa sita sijaenda."
Hakuna aliyemzomea.
Shekue, ambaye mdomo wake haujui kufungwa,
akamenya chungwa, akampelekea nusu.

Dakika ya themanini na tano
kipa wetu akaanguka, akashika goti.
Nikasimama.
Kule getini Bi Mwanjaa naye akasimama.
Mhina akavua kizibao.
Muuguzi akakimbia na mkoba wake,
akaukunja ule mguu, akaukunjua, akaupulizia dawa,
vidole vyake bado vinanuka chungwa,
na kipa akainuka.
Mhina akavaa tena kizibao,
akitafuta tundu la mkono wa kushoto
kwa muda mrefu mno.

Moja bila. Tumefungwa.
Watu wanatoka wakikung'uta magazeti.
Mhina anaokota koni, moja ndani ya nyingine,
anahesabu vizibao, anakabidhi.
Anakuja kwangu, amelowa jasho kuliko waliocheza.

"Mama mdogo, umeniona?"
"Nimekuona. Ile ya dakika ya sabini, ya pembeni juu,
uliyoipangua kwa ncha za vidole."

Anajua ile ilikuwa hewa tupu.
Anaitazama mikono yake, huu, kisha huu.
"Kulia," ananiuliza, "au kushoto?"