Kipindi cha Tatu, Iseyin

Mtaala umeagiza: vifaa vya kuona na kusikia.
Basi nimevileta.
Televisheni yenye kisogo kinene,
deki niliyoazima kwa kinyozi,
jenereta inayokohoa chini ya dirisha,
na mkanda mmoja ulionusurika mchwa.

Wiki nzima nilikuwa nikiandika ubaoni:
*oko* mume, *oko* jembe, *oko* gari.
Kitabu chetu kimefuta alama za sauti,
wino ni ghali, walisema,
na chaki haina koo.
Rafatu akanyoosha mkono:
"Mwalimu, bibi harusi anakililia kipi?"
Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka,
kisha nikaona haya.

Nikabonyeza.
Chenga kwanza, mvua ya majivu,
halafu ua wa nyumba, mbuzi anapita,
na msichana amejitanda kitambaa cha nili
kilichofumwa mtaa huu huu.
Anafungua kinywa. Si wimbo, si mazungumzo.
Sauti inapanda, inajikwaa, inashuka,
na kila neno linatua penye maana yake:

*Mama, ulinifunza kuchota maji,*
*hukunifunza kuuchota mlango wa kwetu*
*niende nao kichwani.*

Hakuna aliyeuliza kuhusu jembe.

Gbolagade, ambaye hulala tangu kengele ya kwanza,
akainuka nusu:
"Yule! Si yule wa viazi vikuu, pale getini?"

Wakamleta kabla sijakataa.
Asabi, mikono inanuka mafuta,
aliiacha karai motoni.
Nilikuwa na maswali saba kwenye andalio la somo:
nani alikufunza, beti zilipangwaje,
machozi yalikuwa ya kweli au ya desturi.
Hakusikia hata moja.

"Rudisha nyuma."
Nikarudisha.
"Tena. Hapo. Shika hapo."

Picha ikasimama ikitetemeka.
Hakujitazama, yule wa miaka kumi na tisa,
shingo ndefu, shanga, ujana wote ule.
Alisogea mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo,
akaweka kidole pembeni kabisa,
pale mpiga picha alipokata mtu katikati:
mkono mmoja tu, bangili ya shaba, taa ya chemli.

"Mama," akasema.
"Hakuwahi kupigwa picha."

Nikaacha mkanda uende.
Mara hii wanafunzi thelathini na wanane
hawakumtazama bibi harusi.
Rafatu ndiye aliyeona kwanza:
kidole cha shahada juu ya mpini wa taa
kinapanda kabla sauti haijapanda,
kinalala kabla haijalala,
na aliposahau, pale tulipodhani ni kwikwi,
kidole kiligonga mara mbili
na ubeti ukarudi.

Tukarudia mpaka petroli ikaisha.
Hata kwenye giza la kioo
vidole vilikuwa vikipandapanda juu ya madawati.

Jioni nikajaza fomu ya mkaguzi.
Vifaa vilivyotumika: televisheni, deki,
petroli lita mbili.
Nikaongeza: mkono wa kushoto, wa marehemu.
Nikaufuta. Nikauandika tena.

Getini Asabi alikuwa akikwangua karai,
viazi vyote vimekuwa makaa.
Hakuinua uso.
"Hivi," akasema, "utavilipa wewe."