Bili ya Maji, Kitalu cha Tisa

Jumatano nilibakiza barua moja mkobani:
bili ya maji, nyumba ya thelathini na moja,
kwa Bwana Mutlaq bin Fahhad, ambaye hafungui geti
mchana wa Agosti, wala simlaumu.
Jua la Kuwait halibishi hodi.
Nikasema, kesho.

Kesho ilikuja saa nane za usiku.
Ilitoka mpakani kwa barabara ileile tuliyojivunia,
lami laini, taa mpaka upeo wa macho,
na kabla mwokaji wa Kiajemi hajachochea tanuri
ilikwisha kufika baharini, ikanawa uso.

Kifaru kimoja kilisimama penye taa nyekundu.
Naapa. Kijana aliyekiendesha alingoja kijani,
kisha akapanda juu ya gari la Hamoud
na Hamoud ndani.

Simu zililia nyumba hadi nyumba: umesikia?
Dada yangu Ghanima akaniambia, "Msito—"
na waya ukameza mengine.
Redio iliomba msaada, ikapiga gwaride,
halafu mtu mwenye lafudhi ya ng'ambo ya mpaka
akatupa hongera: tumekombolewa.
Tulilala nchi, yenye noti na timu ya mpira.
Tuliamka mkoa.
Na mimi mkobani nina bili
ya serikali ambayo kufikia adhuhuri haikuwepo.

Siku ya tatu wakaja na orodha.
Jina, kitalu, mtaa, nyumba.
Nilishtuka kuona kazi yangu mikononi mwa mwingine.

Basi usiku nikatoka na bisibisi.
Jasim wa duka la dawa alishika ngazi,
mama yake alikohoa kila doria ilipokaribia.
Tulibandua namba, tulibandua majina ya mitaa,
tukayatia kwenye gunia la mchele.
Miaka kumi na tisa niliwafikisha watu kwenye majina yao;
usiku ule niliwaficha.

Asubuhi askari mmoja, ndevu bado hazijaamua,
akanionyesha karatasi: "Ami, thelathini na moja iko wapi?"
Nikamwambia, hapa hakuna thelathini na moja.
Akatazama kuta, zote sawa, zote kimya,
akaketi ukingoni mwa barabara akaomba maji.
Nikampa. Usiniulize kwa nini.

Mutlaq walimpata hata hivyo.
Mtu wa mtaa uleule alinyoosha kidevu, basi,
hakutamka neno.
Kikulacho... nanyi mwajua inakoishia.
Bisibisi yangu haikuwa na ncha ya kufungulia hilo.

Walipoondoka, Februari, waliviwasha visima.
Saa sita mchana tulitembea na tochi,
paka wote wa mtaa walikuwa weusi,
nguo tulizoanika tulizianua chafu zaidi.
Nikarudi kwenye mageti na gunia langu,
namba moja moja, skrubu moja moja,
huku nikikumbuka kwa vidole kuliko kwa kichwa.

Dalal, mkewe Mutlaq, alinifungulia.
Nikampa bili. Sikuwa na kingine cha kumpa.
Akaisoma yote, hata yale maandishi madogo ya nyuma.
"Dinari nne na filsi mia sita," akasema.
"Wanapokea bado?"
Nikajibu sijui kama ofisi ina paa.
Akaingia ndani. Nilisikia droo ikifunguliwa,
ikikaa wazi, ikikaa wazi.

Mimi nje, magoti mavumbini,
nilitafuta namba za nyumba yake.
Gunia nililikung'uta lote.
Tatu ilikuwepo.
Moja sikuiona.