Asipotaja Tawi

Oulu, saa tisa mchana, na giza limeshaingia.
Armas yuko wiki ya pili kazini.
Aliandika maneno mawili, *sukuma, lazimisha*,
akabonyeza, akaenda kumimina kahawa.
Hakutaja tawi. Nani alimwambia ataje?
Programu ikajikisia: basi ni yote.
Matawi kumi na manne yakaondoka pamoja,
mabichi kwa makavu,
na lile la Sirkku, wiki tatu za kazi,
likafunikwa na nakala kuukuu ya Oktoba.

Nilimkuta ameshika kikombe kwa mikono miwili
kama mtu anayeota moto.
"Mimi sikuagiza yote," akasema.

Kweli, hakuagiza.
Niliagiza mimi,
miaka kumi na moja iliyopita,
katika chumba cha kuvulia nguo nje ya sauna,
taulo begani, kompyuta magotini.
Tulikuwa watatu tu. Veikko akauliza:
"Mtu asipotaja tawi, tufanyeje?"
Nikajibu: "Yote. Kwani si yetu sisi?"
Mjadala ukaishia hapo,
maji yalikuwa yakichemka juu ya mawe
na sisi tulikuwa na baridi.

Kimya kina mshindo.
Kimya cha mtu mbele ya mashine
hujazwa na mwingine, asiyeonekana,
aliyekuwa na haraka zake.

Ijumaa tukakaa. Veikko hataki.
"Vidole vya watu vimezoea.
Utawavuruga elfu ili umwokoe mmoja?"
Na hasemi uongo. Mazoea yana taabu:
iko kompyuta huko Kemi inayosukuma yenyewe kila usiku,
na hakuna akumbukaye nani aliiwasha.
Tukaondoka bila neno.

Nilifika nyumbani na mifuko miwili,
theluji imejaa kwenye kofia.
Taa ya ngazi ikawaka
kabla sijaanza kuitafuta swichi kwa kiwiko.
Nikasimama pale, viatu vikidondosha maji.
Aliyeamua iwe hivyo simjui.
Alimfikiria mtu ambaye mikono yake imejaa.

Jumatatu nikafuta *yote*, nikaandika *hili*.
Dakika moja.
Ujumbe wa onyo ndio ulionila siku nzima.
Rasimu ya kwanza ilimlaumu msomaji,
ya pili ilijisifu,
ya tatu hata mimi sikuielewa.
Mwisho ikawa:

*Hujataja tawi. Nasukuma hili ulilopo,
mengine nayaacha yalivyo.
Ukitaka desturi ya zamani, andika hivi —*

na chini yake mstari mmoja,
kwa ajili ya Veikko, na kwa ajili ya Kemi.

Sirkku aliipata kazi yake, karibu yote,
kutoka diski aliyoisahau kabatini.
Armas siku hizi hutaja tawi kila mara,
hata pasipo haja,
midomo ikicheza, herufi kwa herufi.
Sijamwambia aache.