Mashimo Kumi na Sita

Mwenye daftari nilikuwa mimi.
Baba alinipa kwa kuwa nilijua hesabu,
na kwa kuwa kaka yangu Rosamel alikuwa na mabega,
na mwenye mabega hapewi kalamu.

Ukurasa wa kwanza, kwa wino:
Jumamosi, saa moja asubuhi, maji yakikupwa, tupite ufukweni.
Jozi kumi na mbili za maksai.
Minyororo sita. Magogo ya kuviringishia, ishirini na manne.
Nyumba itoke ukingoni kabla bahari haijamaliza kuila bustani,
ipande hadi kwenye mashimo kumi na sita ya nguzo
aliyoyachimba baba wiki nzima, peke yake, akipiga mluzi.
Mlango utazame baharini.
Hilo nililipigia mstari mara mbili.

Kwetu Chiloé nyumba huhama na watu wake.
Majirani huja na maksai wao, hawalipwi;
hula nyama na viazi, hunywa pombe ya tufaha,
na siku yao ikifika, nawe unakwenda.
Deni hilo haliandikwi.

Ijumaa usiku mvua ikanyesha bila kuuliza.
Alfajiri mzee Cárcamo wa ng'ambo ya ghuba akafariki,
na jozi nne zikabaki msibani.
Nikaandika: nane.
Baba akachungulia. "Ifute ile kumi na mbili."
Sikuifuta. Niliikata kwa mstari mmoja mwembamba,
ili kesho tujue tulikuwa tumedhani nini.

Umepata kuona nyumba ikitembea?
Kwanza hulia. Misumari ya enzi za babu hulalamika,
vigae vya mbao hutetemeka kama manyoya ya kuku aliyeloa,
kisha dirisha husogea na mlima ukabaki pale pale,
nawe uliyezaliwa ndani yake unahisi jino likilegea.
Mama alikataa kuzima jiko.
Bomba lilitoa moshi njia nzima.

Kwenye kona ya kanisa tope lilifika magotini.
Gogo la tisa likapasuka, tulilisikia kabla ya kuliona,
na nyumba ikainamia mtufaha wa Bi Eduvina,
ikasimama hapo kama mlevi aliyekumbuka jambo.

Kimya. Halafu kila mtu akawa fundi.
Huyu: leteni msumeno, mti ukatwe.
Yule: tungoje jua, hata Jumatatu.
Baldomero, mwenye maksai wa mbele,
alitaka tuvute tu, kwa nguvu, kwa jina la Mungu.
Baba akanitazama mimi. Mimi nikatazama daftari.
Lilikuwa limelowa; wino wa neno "baharini"
ulishatiririka hadi ukurasa wa pili.

Mama akatoa kichwa dirishani, mwiko mkononi.
"Hapa pana ubaya gani?
Chini ya tope kuna mwamba. Kisima ki karibu.
Mtufaha utanikinga upepo. Na viazi vyangu vimeiva."

Bi Eduvina, mwenye ardhi, akacheka hadi akakohoa:
"Mradi mnipe dirisha moja la kusalimia asubuhi."

Mipango si matumizi, ndivyo husemwa,
lakini hakuna aliyesema tusipange.
Ni orodha ile iliyotuambia magogo mangapi yamesalia mazima,
mnyororo upi uko huru, nani hajala.
Saa tisa alasiri tulikuwa tunachimba upya, watu thelathini,
hakuna aliyepiga mluzi.
Mlango ukatazama mlimani.
Bahari ikapata dirisha la jikoni.

Mwezi mzima baba hakupanda kule juu.
Kisha siku moja ya Septemba akachukua gunia la mbegu,
akapanda viazi kwenye mashimo kumi na tano.
La kumi na sita aliliacha wazi.
Hakunieleza, nami sikuuliza;
daftarini nimeliachia nafasi.