Mchoro wa Ghala

Waliniita nichore ghala la dawa.
Si kuta, kuta zilikuwepo tangu enzi za kahawa,
bali kazi yenyewe: nani anamwambia nani,
karatasi inalala wapi usiku,
kwa nini sindano ya uzazi iliyoombwa Walungu
hufika watu wakiwa matangani.

Mkurugenzi alitaka skrini.
Alikuwa ameziona kwa jirani, Kigali, pana, zenye mwanga wa samawati,
akaniuliza bei kabla hajaniuliza jina.
Nikamwambia, tupande kwanza Kadutu.

Kule juu Bukavu yote ilituangalia.
Nyumba imeketi mabegani pa nyumba,
bomba la Nsimire linapita chini ya kitanda cha jirani,
ngazi inaishia ukutani kwa sababu mtu alihitaji jiko.
Hakuna mjinga hapa, nikasema.
Kila mmoja alijenga kwa akili yake na kwa haraka yake.
Ni mlima tu ambao hakuna aliyeuuliza.
Mvua ikija, unajibu.

Akanyamaza. Akakunja suruali, tukashuka.

Siku ya kwanza sikugusa kompyuta.
Nilifuata katoni moja,
kama mtoto anayefuata msafara
asijue ni wa harusi au wa msiba.
Mlangoni iliitwa kwinini.
Kwa mhasibu, sifuri-nne-kumi na saba.
Kwenye ripoti ya wafadhili, msaada wa aina ya pili.
Kwa dereva, yale maboksi mazito.
Katoni moja, majina manne, na kila jina na mhuri wake.
Nikaandika kwa chaki sakafuni: kitu kimoja, jina moja.
Wapakiaji wakakanyaga hadi jioni.
Asubuhi nikaandika tena.

Halafu kulikuwa na daftari la Zihalirwa.
Daftari la shule, jalada lina jedwali la kuzidisha,
linalala kabatini, ufunguo unalala shingoni mwake.
Mishale yangu yote, visanduku vyangu vyote
vilikuwa vimepita pembeni ya daftari hilo
kama maji yanavyopita pembeni ya jiwe,
na jiwe ndilo linaloamua mto uende wapi.

Jumatatu hakuja. Presha, walisema, amelazwa.
Malori matatu yalisimama uani, injini zikiunguruma bure.
Ofisini skrini mbili zilimeta
(mkurugenzi, kumbe, alikuwa ameshazinunua).
Kila kitu kilikuwepo isipokuwa njia.

Nikaenda hospitali na karatasi tupu.
Alizungumza taratibu, akihangaika na uzi wa ufunguo:
"Ntaboba usimpange na Mugaruka, wana kesi ya shamba.
Kaziba, mvua ikinyesha, mpigie sista, usimpigie daktari.
Na akiba ya mwisho haimo kwenye hesabu.
Iko nyuma ya vyandarua.
Ningeiandika, wangeigawa."

Hiyo niichore wapi? nikamuuliza.
Akacheka mpaka nesi akaja kumtuliza.

Nilikuwa nimefundishwa kwamba kila kitu kina kisanduku,
kila kisanduku kina mwenyewe, kila mwenyewe ana naibu.
Naibu nilimpata: Mapendano, binti wa mizani,
aliyekuwa akijua nusu ya daftari kwa kusikiliza tu.
Mwenyewe nilimwandika, akiwa hai, kwa herufi kubwa.
Kisanduku nilichora pia.
Nikakiacha cheupe.

Sasa mchoro uko ukutani, mlango wa wapakiaji,
si ofisini kwenye fremu na kioo.
Una vumbi la unga, una alama ya kidole gumba.
Skrini zinaonyesha kile ambacho ukuta unakubali,
na siku umeme ukikatika ukuta unaendelea.

Jana nimekuta mtu amekata mshale wangu kwa kalamu ya bluu,
akachora mwingine, umepinda kama mkia wa mbuzi,
na chini yake: *daraja limekwenda. Tunazungukia Nyangezi.*
Hakuweka jina.

Sikumtafuta.
Mchoro usioguswa na mtu ni picha ya marehemu.
Nikaazima ile ile kalamu ya bluu
nikabadilisha tarehe tu.