Dakika Kumi na Moja

Mama ndiye aliyeisikia harufu kwanza.
"Achari imekufa," akasema, akafungua mitungi
mmoja mmoja, ya ndimu, ya embe mbichi,
yote mizima. Siki ilishuka kutoka darini,
uvunguni mwa kitanda cha Ami Mbaruku:
mkebe wa bati, mpana kama sinia ya biriani,
wenye maandishi asiyoweza kuyasoma mtu Kibokoni
ila yeye, na macho yake yalikwisha kuingia ukungu.

"Filamu ikizeeka hunuka siki.
Na hapa kwetu, kwa chumvi na jasho hili, huzeeka mbio.
Msiitupe. Ndani mna mvua."

Mwalimu wake aliitwa Zakhar Ignatyevich Burtsev.
Vitani alibeba kamera palipotakiwa bunduki,
akarudi na nishani mbili na sikio moja.
Filamu tatu, akapewa nyumba yenye roshani.
Ya nne ilimhusu mjane kituoni,
mvua inanyesha, anangoja basi,
basi haliji.
Basi.

Wanaume sita waliitazama, makoti mwilini.
Taa zikawashwa. Hakuna aliyekohoa.
Kisha mmoja, kwa upole wa daktari:
"Komredi, kwa nini mvua nyingi hivi?
Nchi gani hii isiyoanuka?"
Akakata dakika kumi na moja.
Wakaifungia kabatini vivyo hivyo.
Kile alichokata akamtia mkononi mwanafunzi wake:
"Peleka wanakoijua mvua."

Tangu hapo alipewa meno.
Namna ya kuyasugua, juu chini, juu chini,
kwa shule zote za jamhuri.
"Na aliyapiga vizuri," Ami husema.
"Hujaona jino likamulikwa vile."

Muziki wa mvua ulikuwa wa Nonna Lvovna Steblina,
fidla mbili na zumari moja linalochelewa.
Wakasema una homa, hauna miguu ya gwaride.
Miaka miwili akafundisha kinanda watoto wa jirani
kwa malipo ya viazi.
Ndipo studio ya katuni ikataka wimbo wa mbuzi,
mbuzi kapotea, karudi, anacheza juu ya paa.
Nonna akaitwaa mvua ileile,
akaikaza mwendo, akaivisha njuga.
Ikapita mbele ya wale wale sita,
nao wakatikisa viatu.
Nchi nzima ikaimba, watoto kwa bibi zao,
wala hapana aliyelowa.

Ami alirudi na diploma ngumu kama ubao.
Nairobi wakamuuliza, "Umesomea wapi?"
Alipojibu, faili likafungwa kwa adabu.
Akafungua duka la picha za paspoti, Makadara.
Inua kidevu. Usicheke. Usipepese.
Waliokwenda Jedda, waliokwenda Dubai,
wote walipita kwenye taa yake,
naye akawamulika kwa upande,
shavu moja likizama gizani kidogo,
hadi afisa wa uhamiaji akazirudisha, bahasha nzima:
"Mzee, kwa nini kivuli kingi hivi?"

Tuliufungua mkebe dirishani.
Utepe wote umegandana, kama halua iliyosahauliwa.
Ukabanduka urefu wa kiganja tu.
Nikauinua kwenye mwanga wa kichochoro:
mwanamke, benchi, michirizi.
Na pembeni mwa picha, uzi mweupe
unaotetemeka juu hadi chini.

"Hiyo ndiyo sauti," akasema, kidole kikiutafuta.
"Huchorwa ubavuni."

Nikamuuliza waendaje.
Hakujibu. Chini, Mama alikuwa akisuuza mitungi
na kuimba wimbo wa mbuzi,
aliofundishwa na shemejiye mimi nikiwa tumboni,
anaimba mbio mbio, kama mwenye chungu motoni.

"Polepole," Ami akasema,
kwa sauti isiyoweza kumfikia.
"Polepole, shemeji. Mvua hiyo."